Safari ya Kwenda kwa Elizabeti



Kila mwaka, tarehe 31 Mei, Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Katika shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, siku hiyo tunasali Rozari pamoja na kusimulia upya habari tuliyoachiwa na mwinjili Luka. Nimewafundisha habari hiyo watoto wa Komunyo ya Kwanza kwa zaidi ya miaka 20. Nilizoea kukazia furaha ya mkutano ule: salamu mlangoni, mtoto kuruka tumboni, Maria kumtukuza Bwana. Sikuwahi kusimama mahali ambapo Luka anataja miezi. Elizabeti alikuwa katika mwezi wa sita wa mimba yake, na Maria alikaa naye miezi ipatayo mitatu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: Maria aliupanda mlima ili awe karibu na mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho. Mwaka huu hesabu hiyo imenishika moyo, na ningependa kuwaeleza sababu yake.

Kijiji chetu kiko kwenye milima ya Marungu, juu ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kalemie-Kirungu. Anayeishi chini ufukweni hawezi kudhani jinsi usiku wetu ulivyo wa baridi. Usiku mmoja wa majira ya mvua, kabla ya jogoo kuwika, baba mmoja kijana wa shirika letu alinigongea mlango. Alisema: “Baba katekista, mtoto anashindwa kupumua. Mama yake anakuomba uje na maji.” Sikuhitaji kuuliza ni maji ya nini.

Mtoto alikuwa na umri wa majuma saba. Kila alipovuta pumzi, ngozi iliingia ndani katikati ya mbavu, na matundu ya pua yalipanuka. Alikuwa ameacha kunyonya tangu jioni kwa kukosa nguvu. Nilimbatiza, kama Kanisa linavyoturuhusu panapokuwa na hatari ya kufa, kisha tukashika njia ya kwenda kituo cha afya. Pikipiki haikuweza kupita kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Muuguzi alitupokea vema na kufanya yote aliyoweza. Lakini kituo hakikuwa na oksijeni, na mtoto yule alifariki kabla ya saa sita mchana.

Katika matanga kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mabibi walisema ni baridi ya usiku. Mzee mmoja alisema ni kifua cha ukoo. Wawili watatu walinong'ona habari za jirani mwenye jicho baya, nami niliwakemea. Hata hivyo, baada ya kuwakemea sikuwa na neno la kuweka mahali pa uvumi wao. Majuma machache baadaye nilirudi kwa muuguzi yule, nikamwomba anifundishe kama ninavyowafundisha wakatekumeni, polepole, tangu mwanzo.

Alinieleza kwamba dalili zile ni za ugonjwa wa njia ndogo za hewa ndani ya mapafu, na kwamba kwa watoto wachanga chanzo kikubwa cha ugonjwa huo ni kirusi ambacho wauguzi wetu hukiita VRS. Kwa watu wazima wengi kirusi hicho ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi michache, ambaye njia zake za hewa ni nyembamba kama bua, kinaweza kuziziba. Hakuna dawa ya kukiua. Mgonjwa husaidiwa kwa oksijeni, kwa maji na maziwa, na kwa uangalizi wa karibu, mpaka mwili wake ushinde wenyewe. Wataalamu wamekadiria kwamba duniani kote kinaua watoto wapatao 100,000 wasiotimiza miaka mitano kila mwaka. Karibu nusu yao hawajafikisha miezi sita. Na katika kila watoto 100 wanaokufa hivyo, zaidi ya 97 wako katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Kirusi ni kilekile Ulaya na Marungu. Kinachotofautiana ni kile ambacho mtoto anakikuta mwisho wa njia.

Sikuweza kumuuliza muuguzi kama mtoto wetu alikufa kwa VRS, maana tulijua sote wawili kwamba pale hapakuwa na kipimo cha kulijibu swali hilo. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua jambo lililonitia uchungu zaidi. Kwetu ugonjwa huu hauna jina. Unaitwa baridi, unaitwa kifua, unaitwa husuda. Na ugonjwa usio na jina hauna mtu wa kuudai kinga yake. Hakuna mama wa Marungu aliyewahi kuuliza chanjo yake iko wapi.

Lakini chanjo ipo. Hilo ndilo neno la pili alilonifundisha muuguzi. Hadungwi mtoto, anadungwa mama akiwa bado mjamzito. Mwili wa mama hutengeneza kinga, na kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto kabla hajazaliwa, hata anapotoka tumboni anakuwa tayari amevikwa silaha za mama yake. Ni sindano moja tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza itolewe katika miezi mitatu ya mwisho, tangu juma la 28 la mimba. Mwili nao unahitaji walau majuma mawili kabla ya kujifungua ili kinga ipate kumfikia mtoto vema. Jambo hili si geni kwetu. Kwa miaka mingi mama zetu wamedungwa sindano ya pepopunda wakiwa wajawazito kwa njia hiyohiyo, na watoto wao wakasalimika.

Chanjo hii ilijaribiwa kwa wanawake wajawazito zaidi ya 7,000 katika nchi 18. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha ilizuia takribani visa 8 kati ya 10 vya ugonjwa mkali wa VRS. Marekani na nchi za Ulaya ziliikubali mwaka huohuo. Wataalamu waliangalia kwa makini pia suala la watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana Marekani iliamua itolewe kati ya juma la 32 na la 36. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu anayeficha swali huzaa uvumi. Mama ana haki ya kuelezwa yote, kisha akaamua akiwa huru.

Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni kama mwalimu anayefanya hesabu ubaoni. Miongoni mwa nchi zile 18 zilikuwamo nchi mbili za bara letu: Afrika ya Kusini na Gambia. Mama wa Kiafrika walinyoosha mikono yao ili ulimwengu ujue kwamba chanjo inafaa. Huko Marekani bei ya dozi moja ilitangazwa kuwa karibu dola 300, fedha inayozidi mshahara wangu wa mwezi. Mwezi Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha chanjo hiyo, na uthibitisho huo ndio unaoziruhusu taasisi za kimataifa kuinunua kwa ajili ya nchi maskini. Gavi, ushirika wa kimataifa unaozisaidia nchi kama yetu kupata chanjo, ulikuwa umekwisha kuiweka katika mipango yake tangu mwaka 2018. Lakini mwezi Juni 2025, wafadhili walipokutana Brussels, Gavi ililenga bajeti ya dola bilioni 11.9 na kupata zaidi kidogo ya bilioni 9. Mfuko unapopungua, linalosogezwa mbele kwanza ni lile ambalo bado halijaanza. Ninapoandika haya, chanjo hiyo haijafika katika kituo chetu cha afya.

Tumewahi kuiona njia hii. Chanjo ya nimonia ya pneumokoki ilianza kutolewa kwa watoto wa Marekani mwaka 2000. Kwetu Kongo ilianza mwaka 2011. Miaka 11! Mtoto aliyezaliwa siku chanjo ile ilipoanza kule, sisi tulipoipata huku alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna watoto ambao hawakuingia darasani mwangu kamwe.

Kanisa halijatuacha gizani katika jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba Mungu aliiumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote, na kwamba mali ya ulimwengu inapaswa kuwafikia wote kwa haki. Kinga ya mtoto mchanga ni mali ya namna hiyo. Siku ya Noeli ya mwaka 2020 Papa Fransisko aliomba chanjo za korona ziwafikie wote, kwanza walio dhaifu na wahitaji zaidi. Basi tunapodai chanjo ya wajawazito ifike Moba na milima yake, tusijione kama ombaomba. Tunadai ambacho Muumba alikwisha kukiandika kuwa ni cha wote, na ambacho baadhi ya mama wa bara letu walisaidia kukithibitisha.

Laiti ningeweza kuishia hapo, maana ni rahisi kuandika juu ya madeni ya wengine. Lakini nina deni langu pia.

Mwezi Machi 2021 nchi yetu ilipokea dozi zipatazo milioni 1.7 za chanjo ya korona. Dozi zipatazo milioni 1.3 ziliondolewa na kupelekwa nchi nyingine ili zisiharibike, kwa sababu hapa hazikuwa zikitumika haraka ya kutosha. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilizotoka kwetu. Lakini moja naijua vizuri. Katika siku hizo vijana wa kwaya walinionyesha kwenye simu maneno kwamba chanjo inaua uzazi. Wakaniuliza: “Baba katekista, ni kweli?” Nikawajibu: “Mimi ni mtu wa Neno la Mungu, habari za sindano waulizeni wauguzi.” Niliona nimejibu kwa busara. Leo naona nilijibu kwa woga. Sikujua ukweli, wala sikuchukua taabu ya kuutafuta. Watu wanapokuamini kiasi cha kukuletea maji ya ubatizo na migogoro ya ndoa, ukimya wako mbele ya uongo huhesabiwa kuwa jibu. Vijana wale waliondoka wakisema: hata katekista hakukana.

La pili ni zito zaidi kwangu. Mama wa mtoto yule alikwenda kupimwa mimba kituoni mara moja tu, katika mwezi wa nane. Alikuwa na kijana mdogo wa kubeba, shamba la kulima, na saa tatu za njia kwenda na saa tatu kurudi. Alikuwa pia na haya, kwa sababu hakuwa na nguo ya kumfaa wala fedha ya kadi. Nami nilimwona kila Jumapili. Nililiona tumbo likikua tangu mwezi wa nne. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikapita. Hata kama chanjo ingekuwa imejaa katika friji ya kituo mwaka ule, nani angempeleka kwa wakati, majuma mengi kabla ya kujifungua? Siandiki haya kumlaumu yeye. Njia ile haikupaswa kuwa ya mama yule peke yake. Mjamzito hawezi kudaiwa aupande mlima wote huku sisi tulio wazima tumekaa kibarazani.

Hapo ndipo neno la Luka liliponishika. Si Elizabeti aliyeshuka kwenda Nazareti. Ni Maria, aliyekuwa na nguvu za kutembea, ndiye aliyeondoka bila kukawia akapanda milimani. Naye hakuishia kwenye salamu, alikaa huko miezi mitatu. Ninaamini haki katika jambo hili la chanjo ina sura hiyohiyo: mwenye nguvu za kutembea ndiye anayepaswa kutembea. Wenye viwanda washuke katika bei. Mataifa tajiri yatimize ahadi. Serikali yetu ifikishe umeme wa jua na friji vijijini, maana chanjo hii huharibika isipohifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Na sisi wa mashirika tutembee kilomita zile za mwisho ambazo hakuna waziri wala tajiri atakayezitembea kwa niaba yetu.

Katika shirika letu tumeanza kwa mambo madogo. Mama akituarifu kwamba ni mjamzito, mama wawili wenye uzoefu wanakabidhiwa kumsindikiza. Wanamsaidia kuhesabu miezi kwa uhakika, kwa kuwa asiyejua umri wa mimba hawezi kujua juma la 28 ni lini. Wanakwenda naye kituoni tangu miezi ya mwanzo, apate sindano ya pepopunda, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Sisi wanaume tumepewa kazi ya kulima kipande cha shamba lake siku anapokwenda. Mara moja kwa mwezi, baada ya ibada ya Jumapili, muuguzi anazungumza nasi na kujibu maswali, hata yale ya aibu, nami nakaa mbele nikisikiliza kama mwanafunzi. Mpaka sasa mama wanne wamesindikizwa hivyo. Hatuwaahidi chanjo ambayo haijafika. Tunawaambia kwamba ipo, kwamba ni haki yao, na kwamba siku itakapofika haitakuta njia imeota majani. Tumemwomba pia padri wetu wa parokia aipeleke sauti yetu kwenye ofisi ya afya ya jimbo, ili swali hili liulizwe kwa jina lake: chanjo ya VRS kwa wajawazito itafika lini kwetu?

Wengine waliniuliza kama hiyo ni kazi ya katekista. Niliwakumbusha Adriano Atiman. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, wazee bado wanalitaja jina lake. Alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na Timbuktu, akatekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, na huko akaishi kama katekista na tabibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 mikono ileile ilishika katekisimu na dawa. Hakuona kwamba moja inaipunguzia nyingine heshima. Mimi si daktari, wala sitathubutu kushika sindano. Lakini naweza kushika njia, na naweza kutoa jibu la kweli ninapoulizwa.

Mama wa mtoto yule ana mimba tena. Alikuja mwenyewe kutuarifu, katika mwezi wa tatu, akasimama mbele ya shirika akiwa ameinamisha macho. Mabibi waliinuka wakamkumbatia. Mimi nilimuuliza siku gani angependa kwenda kituoni. Akasema Alhamisi. Tulikwenda Alhamisi.

Maswali ya kutafakari katika shirika:

1. Je, katika shirika letu kuna mama mjamzito ambaye tunamsalimu kila Jumapili bila kujua kama amekwisha kupimwa?

2. Tunapoulizwa juu ya chanjo, je, tunajibu kwa ukweli tulioutafuta, au tunajificha nyuma ya kutojua?

3. Ni nani katika parokia yetu anayeweza kuwauliza viongozi wa afya, kwa heshima na bila kuchoka, kuhusu chanjo ambazo bado hazijatufikia?

Tuombe. Ee Bwana, Mama yako hakuogopa milima. Utupe miguu yake. Uwalinde mama wanaobeba mimba katika njia zetu mbaya, uwafungue mioyo wale wanaoshikilia kinga ya watoto wetu, na uwapokee katika amani yako wadogo waliotutangulia wakiwa hawana hata jina la ugonjwa wao. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.